Maji ya Pipa

Jumapili, 8 Februari 1953

Mvua tangu alfajiri, hatukwenda kanisani. Yoeli ametimiza miezi minne. Daftari hili lilibaki nilipomaliza darasa la nne. Kurasa za mbele ni hesabu za kugawanya na wino mwekundu wa mwalimu. Nitaandika humu mtoto akilala, kama sitalala mimi kabla yake.

Jumanne, 10 Februari

Majani mabaya leo. Yameletwa yamelowa, mazito kama nguo za kufua, na mafuta hayakufika robo ya chupa.

Niandike kazi yenyewe. Bwana Melvil analima jeraniamu, majani yanayonukia kama waridi. Yanapikwa tanuruni kwa mvuke, mvuke unapita kwenye bomba lililolazwa kijitoni, unapoa, unadondoka kwenye ndoo ya mwisho ukiwa maji. Mafuta yanaelea juu kama mafuta ya mchuzi. Hapo ndipo nilipo mimi, nayaengua kwa upawa, Yoeli mgongoni. Mume wangu Enoki yuko upande wa pili, anachochea kuni. Mafuta yanapelekwa Makambako kwa lori na kutoka hapo mpaka Ulaya, kutiwa manukato ya wanawake.

Yale maji yanayobaki chini hayana kazi kwa Bwana. Kwetu yana kazi kubwa. Mtoto akizaliwa kambini, siku mama yake anapomtoa nje anaogeshwa kwa maji ya majani, na baadaye kila Jumamosi mpaka atambae. Kuna wanawake wanaokuja kukata majani shamba hili kwa ajili ya maji hayo tu. Mimi ndiye ninayegawa. Mafuta yenyewe sigusi hovyo. Mwaka juzi yalinimwagikia mkononi na ngozi ikatoka kama ganda la kiazi kilichochemshwa.

Alhamisi, 12 Februari

Mvua. Viazi na njegere. Sijalala.

Jumanne, 17 Februari

Tanuru zima la majani, nusu chupa. Bwana alisimama nyuma yangu akiangalia upawa mpaka tone la mwisho. Halafu akaondoka. Afadhali angegomba.

Jumatatu, 23 Februari

Lori limerudi kutoka Makambako na pipa la chuma, la bluu, limefungwa kwa lakiri ya risasi. Wanaume wanne walilishusha. Utingo alikuwa ananukia waridi kuanzia kofia mpaka viatu, watu wakamcheka, "Leo unaolewa wapi?" Hakucheka. Alisema kichwa kinamgonga tangu Iringa.

Jumatano, 25 Februari

Bwana ameniita nyumba ya mvuke. Alifungua pipa, akachovya kijiti, akanipa.

"Yudita, nusa. Sema kweli."

Nikanusa. "Ni ya kwetu, Bwana. Tena nzuri kuliko ya wiki hii."

Akacheka, kicheko cha mtu anayeumwa jino. "Hakuna jani hata moja humu. Wameitengeneza kiwandani, kwa makaa ya mawe na mambo mengine. Wanunuzi wangu wanasema: Melvil, kwa nini tungoje mvua yako iishe?"

Tangu leo tunachanganya, kikombe kimoja cha kwetu kwa vitatu vya pipa. Moto utawashwa siku mbili tu kwa mwezi. Enoki amepelekwa kuchimba mitaro.

Lakini kile kijiti nilikificha kwenye pindo la kanga nikakaa nacho. Mafuta ya majani hubadilika. Asubuhi yana harufu ya nyasi, mchana ya waridi, jioni yamebaki na ubaridi kama mnanaa. Yana umri. Kijiti cha pipa kilinukia asubuhi, mchana na jioni vilevile, kama mtu anayekukazia macho asiyepepesa.

Jumamosi, 28 Februari

Wanawake walikuja na vibuyu. Maji hayakuwapo, kwa kuwa moto haukuwaka. Vurugu!

"Mnayanywa ninyi huko ndani?"

"Nimetoka na mtoto mgongoni kwenye tope hili, Mama Yoeli, unaniambia hakuna? Basi Jumatatu nami sipo. Ulezi wangu unangoja palizi."

Odilo mnyapara akainua mikono. "Akina mama, akina mama. Jumamosi ijayo mtapata mpaka mchoke."

Jumamosi, 7 Machi

Naandika hili kwa kuwa sijamwambia mtu.

Asubuhi Odilo alijaza kasiki la mbao kwa maji ya kijito, akamimina ndani kikombe cha pipa la bluu, akakoroga na mpini wa jembe. Maji yakawa meupe kidogo, kama yamekoshewa unga.

Nikamwuliza, "Mnyapara, hayo yanafaa kupakwa mtoto?"

"Wake wa Wazungu wanajipaka shingoni, Mama Yoeli. Wazungu ni wapumbavu wawaue wake zao? Nusa. Si harufu ileile?"

"Ni ileile."

"Basi. Nani atajua?" Kisha, akiangalia mvua nje, "Kuna wengi wangependa kufanya kazi chini ya bati, na mtoto mgongoni."

Nikashika upawa nikagawa. Walishukuru. Konsolata, mke wa Odilo, hakupanga foleni, yeye mumewe humpelekea nyumbani. Rafiki yangu Avelina alinibusu mkono kwa mzaha. Kibuyu cha mwisho nikajaza changu.

Jumatatu, 9 Machi

Nepi za Yoeli nimezifua mara tatu. Bado zinanukia.

Jumamosi, 14 Machi

Nimegawa. Ukungu umeshuka tangu Alhamisi, mtu huoni jirani. Enoki amerudi amelewa ulanzi wa mianzi, akaimba.

Alhamisi, 19 Machi

Yoeli ana wekundu kwapani na kwenye mikunjo ya mapaja. Mama mkwe hajaona. Nimempaka mafuta ya nyonyo, nikamfunika.

Jumamosi, 21 Machi

Nimemwogesha mara mbili, ili ngozi itulie.

Jumanne, 24 Machi

Wekundu umekuwa malengelenge. Umepanda mgongoni na kifuani mpaka shingoni. Analia akiguswa na mbeleko, nami siwezi kufanya kazi bila mbeleko.

Mama mkwe ameona. Hakupiga kelele. Alifunga mlango, akakaa kwenye kigoda, akaniangalia.

"Yudita, mwanangu. Mtoto huyu amebemendwa?"

Nilijua atauliza. Kwetu mama anayenyonyesha na mumewe hawakutani mpaka mtoto atembee. Wakikutana, mtoto anadhoofika, ngozi inaharibika, na kila anayemwona anajua wazazi walikosa wapi. Ndiyo maana mtoto wa namna hiyo hafunuliwi mbele za watu.

Nikasema, "Hapana, Mama."

Nimeandika "hapana" na mkono wangu unajua ni uongo. Ilikuwa Krismasi. Mara moja. Ulanzi ulikuwa mwingi na baridi ilikuwa kali, na Enoki alikuwa mpole kama siku za kwanza. Ee Mungu, mara moja tu, na malipo yanakuja mwezi wa tatu, tena hayaji kwangu, yanakwenda kwa mtoto.

Tangu leo nitamwogesha kila siku. Harufu nzuri itaficha walau harufu ya vidonda.

Jumapili, 29 Machi

Mchungaji alihubiri juu ya dhambi za sirini. Sikuinua macho.

Nimeona kitu. Kanisani, watoto wachanga wote walikuwa wamefunikwa mpaka masikioni. Nilisema ni baridi.

Jumatano, 1 Aprili

Ameanza kukohoa. Kikohozi kikavu, kama mtu anayebisha mlango kwa kucha.

Jumapili, 5 Aprili. Pasaka

Jua lilitoka saa nzima. Hakuna mama aliyemtoa mtoto juani.

Enoki aliniuliza, "Mama Yoeli, ni ile Krismasi?" Nikamwambia anyamaze, mama yake yuko nyuma ya ukuta. Amekaa uani mchana kutwa akichonga mpini ambao hatuna jembe lake.

Jumatano, 8 Aprili

Ananyonya kidogo, anaachia, anatafuta pumzi. Kifua kinaingia ndani kama mvukuto wa mhunzi. Zamani usiku nilikuwa naomba alale. Sasa akilala naweka kidole chini ya pua yake nisikie pumzi.

Jumamosi, 11 Aprili

Niandike polepole ili nisikosee.

Avelina hakuja kuchukua maji. Jioni, kabla jua halijazama, nikampelekea kibuyu chake. Mumewe yuko kwenye mkonge huko Tanga tangu mwezi wa saba mwaka jana. Alimwacha na mimba, na mtoto wao Lucia hajamwona baba yake kwa macho. Nilimsalimu kamwene mlangoni, hakuitika. Nikaingia. Alikuwa anambadilisha mtoto, akaruka akamfunika kwa mwili wake kama kuku.

"Toka, Yudita!"

"Avelina, ni mimi."

"Hata ukiwa malaika, toka!"

Lakini nilikuwa nimeona. Mgongo wa Lucia ni mgongo wa Yoeli.

Nikakaa chini kwenye majivu. Akaanza kulia bila sauti. "Watasema nini? Wewe una mume ndani, watasema mmekosa subira. Mimi watasema nani? Nani, Yudita? Nimekuwa nikifikiri labda niliota. Labda mtu aliingia nikiwa usingizini. Naapa kwa Bikira Maria, sijaguswa na mwanamume tangu mume wangu apande lori."

Nilimwamini. Namjua Avelina, hawezi kudanganya hata bei ya yai. Na kama hakuguswa, basi Lucia hakubemendwa. Na kama Lucia hakubemendwa naye ana vidonda vilevile, Krismasi yetu haihusiki.

Nikauliza, "Uso wake je?"

"Uso mzuri. Uso namwosha maji ya kisima, haya ya kwenu yanamwasha macho."

Yoeli naye uso wake ni safi. Vidonda vinakoma shingoni, kwa mstari, kama alama ya maji kwenye ukuta wa mtungi.

Kibuyu nilichomletea kilikuwa bado mkononi mwangu. Nilitoka nikakimwaga nyuma ya nyumba. Avelina alinishika nguo. "Usimwambie mtu kuhusu Lucia. Niapie." Nikaapa.

Mkono uliogawa ni wangu. Nilijua tangu siku ya kwanza kwamba si maji ya majani. Sikujua ni sumu, lakini nilijua si yale.

Jumatatu, 13 Aprili

Nilimwambia Odilo. Alinisikiliza akijikuna shavu. "Mtoto wako mgonjwa, unataka mtu wa kumsingizia. Mama mkwe wako anasema mengine kisimani." Kisha akasema polepole, karibu kwa upole, "Fikiri vizuri, Mama Yoeli. Nani alikuwa anagawa? Mimi au wewe?"

Bwana yuko Iringa mpaka Ijumaa.

Alhamisi, 16 Aprili

Siku ya tano namwogesha maji ya moto ya kisima, na chumvi. Ngozi haichuruziki tena. Kifua hakijabadilika. Nimepita nyumba mbili kuwaambia wasitumie maji. Wa kwanza alisema mtoto wake ni mzima kama chuma, akafunga mlango kabla sijamaliza. Wa pili alisema, "Una choyo. Unataka wako peke yake anukie." Ndani ya nyumba nilisikia kikohozi, kile cha kucha mlangoni.

Wote wanaficha. Kila mmoja anadhani ni yeye peke yake aliyekosa, na kadiri anavyoficha ndivyo anavyoogesha.

Jumamosi, 18 Aprili

Mvua ndogo, ukungu. Foleni ilifika mpaka kwenye mitaro. Odilo alikuwa ameshakoroga kasiki. Akanipa upawa. Nikauweka chini.

"Leo sigawi."

"Umelalia ubavu gani?" mmoja akapiga kelele. "Gombana na mumeo nyumbani, sisi tupe maji twende!"

Nikafungua mbeleko. Nikamlaza Yoeli juu ya magunia ya majani nikamvua kila kitu, mbele ya wanawake arobaini na mvua. Alilia kidogo tu, hana nguvu ya kulia.

"Yudita!" Ilikuwa sauti ya mama mkwe. "Funika mtoto! Umerukwa na akili? Funika!"

"Si niliwaambia," mtu akanong'ona kwa sauti ya kusikika. "Amembemenda."

"Krismasi ulanzi ulikuwa mwingi," akajibu mwingine, na wachache wakacheka.

Nikawaambia, "Semeni mtakavyo. Krismasi yangu nitamjibu Mungu. Lakini tazameni uso wake. Uso namwosha kwa maji ya kisima. Tazameni vidonda vinapokoma. Kubemenda kunajua kuchora mstari? Maji haya hayakutoka kwenye majani. Yametoka kwenye lile pipa la bluu, na mimi nilijua nikanyamaza, nikawapa kwa mkono huu. Nimewakosea."

Nilimwona Avelina katikati ya foleni. Alikaza mbeleko yake, akatazama chini. Sikumtaja.

Odilo akasema, "Haya, mmesikia kichaa chake. Nani anataka maji?"

Na wakasogea. Ndiyo, wakasogea! Wa kwanza akainua kibuyu bila kunitazama, Odilo akamjazia, wa pili naye. Nilidhani nimemvua mwanangu bure.

Ndipo Konsolata alipokuja. Hakutoka kwenye foleni, alitoka upande wa nyumba za wanyapara, kanga kichwani, akitembea kama mtu aliyebeba moto. Akasimama mbele ya magunia, akamwangalia Yoeli kwa muda mrefu. Halafu akafungua mbeleko yake akamlaza Tarsis wake pembeni.

Sitaandika nilichoona. Wa kwangu alikuwa ameoga maji. Huyu alikuwa mbaya zaidi.

"Konsolata," Odilo akasema. "Rudi nyumbani."

"Nirudi na huyu?" Hakupandisha sauti. Akatugeukia sisi. "Mume wangu aliniletea ya kwangu kwenye chupa. Isiyochanganywa na maji. Alisema mtoto wa mnyapara asioge sawa na wa watu wote. Wiki mbili hizi namlaani moyoni kwamba tumembemenda, naye ananilaani mimi. Odilo, nani amembemenda mtoto huyu? Sema. Wanangoja."

Odilo alikuwa bado ameshika upawa. Maji yalikuwa yanamwagikia kwenye buti lake na hakuuweka sawa.

Kisha nikasikia kitambaa kikifunguliwa nyuma, na kingine. Sikugeuka kuhesabu. Avelina alikuja akasimama begani kwangu, Lucia mikononi, mtupu, na hakuna aliyemwuliza mumewe yuko wapi.

Bwana alishuka kutoka nyumbani kwake kwa sababu ya vilio. Alitazama magunia, uso ukawa kama unga. Aliniuliza, "Kwa nini hukuniambia?" Akamwita dereva awashe lori.

Jumanne, 21 Aprili. Ilembula

Tumo hospitali ya misheni, watoto saba wa shamba letu. Lori lilipita Makambako, watu wa sokoni wakalikimbilia wakidhani ni arusi, kwa harufu ya waridi iliyoshika turubai, halafu wakaona watoto.

Muuguzi anaitwa Sista Jeni. Nilimwuliza kama vitu vya kiwandani vyote ni sumu. Akafikiri. "Dawa ninayompa mwanao asubuhi nayo ni ya kiwandani, Mama Yoeli. Na mafuta ya majani yenu, yakiwa hayana maji, yangemchoma vilevile." Nikamwonyesha kovu langu la mkononi. "Umeona? Katika pipa kuna harufu, na kuna kile kilichotiwa kuibeba harufu. Hatujui ni nini. Kinaingia ngozini, na mvuke wake unaingia kifuani. Waliotengeneza hawakukusudia watoto. Hakuna aliyewauliza."

Nami sikuuliza.

Jumapili, 26 Aprili

Yoeli hana tofauti. Lucia anacheka.

Enoki amekuja kwa miguu. Pipa la pili limefika. Bwana amekataza watu wasiliguse, lakini anachanganya kama kawaida, linakwenda kwenye shingo za huko Ulaya. Odilo haonekani kambini. Sisi tumeambiwa tuhame nyumba ifikapo mwisho wa mwezi. Enoki alisema yote hayo akiwa ameshika mguu wa Yoeli. Mama mkwe ametuma ulezi uliosagwa, na hakutuma neno.

Alhamisi, 30 Aprili

Asubuhi kitanda cha Tarsis kilikuwa kimetandikwa upya. Konsolata aliondoka na mbeleko tupu.

Jumapili, 3 Mei

Mvua zimekatika. Saa nne Yoeli alishika ziwa akanyonya mpaka akalewa maziwa, mara ya kwanza tangu Pasaka. Pumzi inapita. Sista Jeni alisikiliza kifua chake kwa bomba, mara mbili, akasema tungoje wiki nyingine ndipo tushukuru.

Mchana Konsolata alirudi kuchukua nguo alizosahau. Nilitaka kujificha, sikuwa na pa kujificha. Akakaa ukingoni mwa kitanda changu. Kisha akanyoosha mikono, nami nikampa mtoto.

Alimshika kama anavyoshikwa mtoto wa mtu. Ngozi mpya imeanza kuota mgongoni, nyembamba, inang'aa. Akainamisha uso shingoni pa Yoeli, akavuta pumzi, akakaa hivyo.

"Hanukii kitu," akasema.

"Hapana."

Akanusa tena. "Ananukia maziwa," akasema, na hakumrudisha, nami sikumdai, mpaka jua lilipoliacha dirisha.